Nimerekodi kwaya kwa saraundi lakini kayamba inalia mara mbili, nisaidieni

mtoto_wa_ahero:
Wadau hamjambo. Niko Ahero hapa, kanisa letu linatimiza miaka 50 mwezi wa Desemba na nimepewa kazi ya kurekodi kwaya. Waimbaji ni 32, na wanne kati yao ni kina mama walioanza na hii kwaya tangu siku ya kwanza. Mmoja ni wa alto, siku hizi sauti yake inatetemeka kidogo mwisho wa mstari, na huo mtetemo ndio nataka wajukuu wake wabaki nao, kwa hivyo sitaki kulipua kazi.

Saraundi, yaani spika za mbele na za nyuma zinazomzunguka msikilizaji: nilitaka mtu akikaa katikati ya spika ajione yuko ndani ya kanisa. Nikaweka maiki mbili mbele, mita 3 hivi kutoka kwa kwaya, nne karibu na waimbaji, moja kwa kila sauti, halafu mbili huko nyuma mlangoni, mita 15 kutoka zile za mbele. Kumiksi nikapanga soprano na teno spika za mbele, alto na besi nikawapeleka spika za nyuma. Sasa kayamba inalia chaa-chaa kama kuna mtu anaifuatisha, ukikaa pale unahisi umesimama katikati ya watu wanaobishana, na nikiigeuza sterio ya simu yote inakuwa matope. Nirudie ama bado kuna kuokoa?

fundi_mawimbi:
Inaokoleka ndugu. Ya kayamba ni hesabu tu. Sauti hewani inaenda kama mita 340 kwa sekunde, yaani kila mita inakula karibu milisekunde 3, kwa hivyo mita zako 15 ni milisekunde 44. Kitu kinachogonga kama kayamba ama makofi kikichelewa hivyo sikio linakihesabu mara ya pili, ata kama waimbaji wenyewe juu ya kuvuta sauti huoni shida. Zile traki mbili za mlangoni zivute mbele milisekunde 30, zibaki zimechelewa kama 14, halafu uzishushe kidogo. Usizivute zote 44, hako kachelewo ndiko kanaambia ubongo kwaya iko mbele na huku nyuma ni kuta.

Maiki za karibu zicheleweshe milisekunde 9 zilingane na zile za mbele, na uzitumie kama chumvi. Ukizifungua sana utasikia watu wanne tu badala ya 32.

besi_wa_nakuru:
Mimi nimeimba besi miaka 20 na hapo pa alto na besi nyuma napinga kabisa. Mwanakwaya anaimba akimsikiliza jirani, anampa mwenzake nafasi ya kupumua, wanafunga neno pamoja. Ukiwatenga kila mtu kona yake ule umoja waliotafuta mazoezini miezi yote unaisha. Rudisha kwaya yote mbele venye walisimama.

Halafu usitume besi kwa ile spika kubwa ya mdundo. Besi akifika E ya chini bado ni hezi 82 hivi, spika za kawaida zinaibeba. Hiyo chaneli acha tupu.

nyota_ya_kondele:
Lakini wadau kuna watu hurekodi kwaya ikiwa duara, maiki katikati, na ni tamu sana. Si kosa kuwa na sauti nyuma.

fundi_mawimbi:
Ni kweli @nyota, lakini hapo waimbaji wenyewe wamesimama duara na wanatazamana, maiki inachukua kilichotokea. Yeye kwaya yake ilisimama safu mbili mbele ya altare. Na matope ya simu yanatoka hapo hapo: ukikunja kuwa sterio, spika za nyuma kawaida zinaongezwa kwa zile za mbele zikiwa chini desibeli 3 tu, kwa hivyo alto wako anarudi juu yake mwenyewe. @mtoto spika zako za nyuma umeziweka wapi?

mtoto_wa_ahero:
Nyuma ya kochi kabisa, kwa kona.

fundi_mawimbi:
Zitoe huko. Spika za mbele digrii 30 kila upande, za nyuma kama 110, yaani zipite sikio kidogo tu, na zote umbali sawa na kichwa chako. Ukipata nafasi ya kurudia, maiki za mbele zipange kwa ule mtindo wa ORTF wa redio ya Ufaransa, sentimita 17 kati yao na zimefunguka digrii 110, na za ukumbi, zile ulizoweka mlangoni, ziwe mita 4 ama 5 nyuma yake.

mama_kwaya_kisumu:
Mwanangu ukirudia chagua saa vizuri. Jioni huko kwenu vyura wa mashamba ya mpunga wataingia maiki za nyuma wote. Mchana mabati yanalia ko-ko jua likipanda, na mvua ya alasiri ndiyo usiseme.

mtoto_wa_ahero:
Asanteni sana. Jana usiku nimevuta zile traki milisekunde 30 na kayamba imekuwa moja. Nikarudisha alto mbele, nikazima taa nikasikiliza, na yule mama nikamsikia anatetemeka palepale anaposimama, mkono wa kulia, safu ya pili. Vyura pia niliwasikia kwa mbali mama, sikuwa nimewatambua kabisa. Jumamosi saa moja kasoro asubuhi tunarudia, mwalimu wa kwaya amekubali, na kina mama wamesema watakuja mapema wapashe sauti kwa uji.