Naomba ushauri: kamera ndogo ya kutembea nayo, Olympus au Fujifilm?

Wakuu, heshima kwenu. Nipo Mwanza, napiga picha kwa kujifurahisha tu: Mwaloni Kirumba alfajiri dagaa wakishushwa, jioni jiwe la Bismarck. Kamera yangu kubwa ya DSLR (ile ya kioo ndani) imenichosha. Nikiitoa begini kila mtu anageuka, mwingine anauliza natoka gazeti gani!

Nimebakiza mbili, zote za mtumba: Olympus E-M10 Mark III na Fujifilm X-T30. Olympus lenzi zake ni ndogo. Ile 17mm f/1.8 inaona upana kama lenzi ya 34mm kwenye kamera ya fremu nzima (yenye kipokea mwanga cha ukubwa wa filamu ya 35mm), na inaingia mfuko wa koti. Tena bodi ya kamera yenyewe inatuliza mtikisiko wa mkono, nami hupenda kupiga nikiwa kwenye kivuko. X-T30 haina hiyo, ila sensa yake (kipande kinachopokea mwanga) ni kubwa zaidi, na saa kumi na moja alfajiri pale sokoni mwanga ni wa balbu tu. Hapo mtu anapita mbio na ndoo kichwani, kutuliza mtikisiko hakunisaidii.

Je, kwenye giza tofauti ya chenga (vidoadoa kwenye picha) inaonekana kweli? Na nikienda Fuji, nianze na lenzi ya 27mm f/2.8 au 35mm f/2? Kununua zote siwezi. Wa ziwani, unyevu mnaukabili vipi? Kamera zote mbili hazijazibwa dhidi ya maji.