Mjadala: Je, prepu ya alfajiri (kipindi cha kujisomea kabla ya masomo) isimamishwe Juni hadi Agosti katika shule za Molo, Mau Narok na Timboroa?

Mleta hoja (Nakuru)

Ndugu wachangiaji, kila muhula wa pili suala hili huibuka, na kila mara huzimwa kwa jibu moja, kwamba baridi humkomaza mtoto. Ninapendekeza kwamba shule za bweni zilizoko nyanda za juu za Mau na Timboroa ziache prepu ya saa kumi na moja alfajiri kuanzia Juni hadi Agosti, na kwamba mwanafunzi aruhusiwe kuvaa koti, glavu na kofia ya sufu darasani pasipo kuhesabiwa mtovu wa nidhamu.

Kwanza tuelewane ni baridi ipi tunayoizungumzia. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru mjini takriban 1,850, Molo karibu 2,500, na Timboroa zaidi ya 2,700. Kwa kuwa hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda, Kisumu na Timboroa hutofautiana kwa takriban nyuzi 10, na ndiyo sababu watu wa ziwani hucheka malalamiko ya watu wa mlimani. Tena, baridi kali zaidi ya siku huja karibu na macheo, saa zilezile ambazo mtoto ameketishwa chini ya mabati. Sidai kuwa hapa ni Antaktika. Ninachosema ni kwamba vidole na akili havisubiri Antaktika ndipo vilegee.

Mwili hupigana kulinda joto la ndani, ambalo ni nyuzi 37 hivi. Ukihisi baridi hubana mishipa ya damu ya mikono na miguu ili damu yenye joto ibaki kwenye moyo na ubongo, na anayelipia ulinzi huo ni mkono. Ngozi ya mkono ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, wepesi wa vidole huanza kupotea. Ikikaribia nyuzi 8, hisi ya kugusa nayo hufifia. Yeyote aliyewahi kusimamia prepu hizo amemwona mtoto aliyevuta mikono ya sweta ikafunika ngumi, akabakiza ncha mbili za vidole kushika kalamu. Mpe bikari achore duara: sindano inateleza, penseli inalegea kwenye kibano, na duara halikutani. Mwalimu atamwandikia kwa wino mwekundu kwamba ni mzembe.

Kwa upande wa akili, jambo si rahisi hivyo, na nisingependa tulitie chumvi. Kazi nyepesi iliyozoeleka, kama kunakili maelezo, huathirika kidogo. Kinachoumia ni kazi inayodai kushikilia mambo kadhaa akilini kwa wakati mmoja, kwa mfano hesabu ya hatua tano, kwa sababu sehemu ya umakini imetekwa na baridi yenyewe. Hilo hutokea hata kabla joto la ndani ya mwili halijashuka. Sasa niambieni, tunamwamsha mtoto gizani kwa faida gani?

Mwalimu mstaafu (Molo)

Ndugu mleta hoja, umeandika vizuri, lakini umeandika kama mtu anayeishi mjini. Vizazi vya watoto wa hapa vimesoma alfajiri kwa taa ya chemni na vikatoa madaktari na mahakimu. Wanariadha wetu wa Kaptagat huondoka vitandani kabla ya jua, katika ukungu, na hakuna anayewaonea huruma. Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 kule Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, waandaaji walitafuta kwa makusudi asubuhi yenye ubaridi. Kama baridi ingekuwa adui wa mwili, wangempeleka Lodwar kwenye joto.

Zaidi ya hayo, wapo watafiti wa Uholanzi waliochapisha mwaka 2016 matokeo ya watu 3,018, yakionyesha kwamba waliooga maji baridi walikosa kazi kwa ajili ya ugonjwa mara chache zaidi, pungufu kwa asilimia 29. Mwili hufunzwa. Tukimfunika mtoto kila upepo unapovuma, tutalea kizazi kisichoweza kuvuka barabara bila mwavuli.

Mkufunzi wa riadha (Kapsabet)

Mwalimu, ninakuheshimu sana, ila mfano wa Kipchoge unamsaidia mleta hoja kuliko unavyokusaidia wewe. Misuli inapofanya kazi, takriban robo tatu ya nishati hutoka kama joto, na mkimbiaji wa kasi ile ana tatizo la kupoteza joto, si la kulitafuta. Ndiyo maana ubaridi wa wastani humfaa. Mtoto aliyekaa kwenye benchi saa nzima hana joto hilo la ziada. Mimi mwenyewe siwaruhusu vijana wangu kuanza mbio za kasi alfajiri kabla hawajapasha misuli, na hawavui suruali ndefu mpaka jasho limetoka, kwa sababu msuli uliopoa hupoteza nguvu na kasi kwa asilimia kadhaa kwa kila nyuzi moja unayoshuka.

Tena hata kwa wakimbiaji baridi ina kiwango chake. Aprili 2018 mbio za Boston zilikimbiwa katika mvua na upepo wa usoni, nyuzi chache tu juu ya sifuri. Mwenzetu Geoffrey Kirui, aliyekuwa bingwa wa mwaka uliotangulia na bingwa wa dunia, aliongoza kwa mwanya mkubwa kisha miguu ikamkatalia karibu na mwisho, akapitwa na Mjapani Yuki Kawauchi aliyeshinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 58. Kirui alikuwa ameshinda mwaka 2017 kwa saa 2 na dakika 9. Huyo ni mtu aliyezaliwa na kulelewa katika nyanda za juu, wala hakukosa ukomavu. Mei 2021, katika mbio za milimani za kilomita 100 mkoani Gansu, China, mvua ya barafu na upepo viliwakuta washiriki wakiwa na nguo nyepesi, na 21 kati yao wakafa. Walikuwa watu waliozoea mazoezi makali. Kilichowaangusha ni nguo zilizolowa, maana maji hunyang'anya mwili joto haraka mno kuliko hewa kavu. Na watoto wetu hutoka bwenini kwenda darasani wakipita kwenye nyasi zenye umande na manyunyu ya Julai.

Muuguzi (Kisumu)

Ninaona mnajadili mtoto wa wastani. Mimi ninamfikiria mtoto mwingine. Huku kanda ya ziwa, kuanzia Kisumu na Siaya hadi Busia, ugonjwa wa selimundu ni wa kawaida, na kila mwaka watoto wetu wanachaguliwa kujiunga na shule za bweni za mbali, zikiwemo za huko juu. Baridi hubana mishipa. Damu inapopita polepole, chembe nyekundu za mtoto mwenye ugonjwa huo hujikunja kama mundu, zinakwama, na maumivu yanayofuata ya mifupa na kifua hayafanani na kile ninyi mnachokiita kutetemeka. Kwake koti ni sehemu ya matibabu, na kumvua koti gwarideni kwa sababu halina rangi ya shule ni kumtafutia kitanda cha wodi. Mwenye pumu naye hali yake inakaribia hiyo.

Niongeze jambo moja ambalo walezi wa mabweni hulikosea. Mtoto akishuka chini ya nyuzi 35 za ndani, hutetemeka, hujikwaa, na maneno yake huwa mazito. Akizidi kupoa, kutetemeka hukoma. Mlezi akaona ametulia, akadhani amepata nafuu, kumbe sasa ndipo hatari. Na tafadhali, jiko la makaa lisiingizwe bwenini kwa nia njema. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu, na huua watu waliolala.

Mzazi (Mau Narok)

Binti yangu huvaa nguo za kulalia ndani ya sare, na naibu wa mwalimu mkuu huwavua mstarini. Rinda, soksi fupi na miguu mitupu saa kumi na moja alfajiri! Mvulana angalau ana suruali. Hata hivyo, ninaomba jambo la koti lisije likageuka biashara. Tukiruhusu makoti, shule itateua duka moja, bei itapanda, na mtoto wa maskini atabaki na sweta lake lililotoboka kiwiko. Semeni tu koti la rangi ya buluu au nyeusi, hata la mitumba, basi.

Mleta hoja (Nakuru)

Mama, hilo la rangi ninaliingiza kwenye pendekezo kama ulivyolisema, pamoja na suruali kwa wasichana.

Mwalimu, utafiti wa Uholanzi ninaujua, na ni mzuri, ila umeusoma nusu. Washiriki walikuwa watu wazima. Walioga kwanza maji ya moto, kisha wakamalizia kwa maji baridi ya sekunde 30 hadi 90, wakavaa nguo na kwenda kazini. Tena idadi ya siku walizougua haikupungua. Kilichopungua ni kukosa kazi. Hiyo ni mbali na saa nzima ya kukaa na hesabu ukiwa na miguu iliyolowa. Kuzoea kupo, sikatai: mtu akiingia maji baridi mara kadhaa, ule mshtuko wa kukata pumzi hupungua sana. Lakini kilichozoea ni malalamiko. Mkono uliopoa bado ni mkono uliopoa, na mtoto, ambaye ngozi yake ni kubwa ukiilinganisha na uzito wake, hupoa mapema kuliko wewe unayemsimamia ukiwa na koti lako.

Sheria nayo tuisome. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 ziliweka masomo ya shule za kutwa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Mtoto wa bweni ana mwili uleule.

Mwalimu mstaafu (Molo)

Koti nimelikubali, na nitalitetea kwenye bodi, hasa kwa ajili ya watoto aliowataja muuguzi. Rinda na miguu mitupu nalo sikuwahi kulipenda. Prepu siifuti. Silabasi haisubiri Septemba, na mitihani ya mwigo hufanywa Julai hiyohiyo. Ila kama baridi kali ni ya macheo kama mnavyosema, basi kipindi hicho kihamishiwe saa kumi na moja jioni, kuta zikiwa bado na joto la jua, na michezo ipunguzwe nusu saa. Mkufunzi wa Kapsabet aniambie kama yuko tayari kuitoa hiyo nusu saa.