Shina moja la maharage ya Kablanketi limezaa punje nisizozifahamu: nizitunzeje, na je, naweza kuzipa jina?

Mkulima wa Kibamba

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Mwaka juzi mama mkwe alinipa kilo moja ya maharage ya Kablanketi kutoka Mbeya, nami nikayapanda nyuma ya nyumba hapa Kibamba, kando ya tuta la Njano Uyole, aina nyingine ya maharage. Msimu wa kwanza nilivuna maharage yanayofanana kabisa na yale niliyopewa. Safari hii, kabla ya kupanda, nilizichambua punje zote kwenye ungo na sikuona hata moja yenye rangi tofauti. Hata hivyo shina moja limetambaa kuliko mengine, na maganda yake yote yametoa punje za kahawia iliyokolea, zenye michirizi. Ziko 43. Je, yamechanganyika na yale ya njano? Nizitunzeje? Ningependa kuzipa jina la mama mkwe, kwa kuwa ameitunza mbegu hii tangu alipoolewa.

Mwalimu wa Kilimo

Dada, ule uchambuzi wako wa kwenye ungo ndio unaotupa jibu. Ngozi ya punje ya harage ni sehemu ya mmea mama, kwa hiyo punje iliyopata chavua ya Njano Uyole hubaki na sura ya Kablanketi, na uchotara wake hujitokeza pale tu inapopandwa na kuzaa. Kama ingekuwa mbegu ngeni iliyoingia sokoni au ghalani, ungeiona kabla ya kupanda. Maharage hujichavusha yenyewe kabla ua halijafunguka, ndiyo maana jambo hili hutokea mara chache. Lakini nyuki wakubwa huweza kulifungua ua na kuhamisha chavua.

Shina ulilolivuna ndilo chotara wa kwanza. Punje zake 43 tayari ni kizazi cha pili, na ingawa zinafanana kwa nje, kila moja ina urithi wake. Ukizipanda utaona mashina ya kila namna, pengine mengine ya njano na mengine yenye madoadoa. Nakusihi sana: vuna shina moja moja, kila shina na bahasha yake yenye namba, wala usichanganye punje kwa sababu tu rangi zinalingana. Nimewaona wakulima wengi wakipoteza kazi ya miaka kwa kumimina kila kitu kwenye debe moja.

Bustani ya Goba

Naongeza la hali ya hewa yetu. Joto la usiku likizidi nyuzi 20, maua ya maharage hupukutika, na hapa Dar es Salaam miezi mingi iko hivyo. Mimi hupanda mwishoni mwa Mei ili maua yatoke Julai, wakati wa baridi, ila mvua za masika zinakuwa zimekwisha, hivyo ni lazima umwagilie. Baada ya kuvuna, anika punje kivulini hadi ziwe ngumu kiasi cha kutoingia jino, zifunge kwenye chupa isiyopitisha hewa, kisha ziweke kwenye friza wiki nzima ili mayai ya fukusi yafe. Ukiitoa chupa, usiifungue mpaka iache kutoa jasho.

Mwalimu wa Kilimo

Kuhusu jina, nyumbani iite upendavyo, ila si Kablanketi, kwani utampotosha atakayeipokea. Tatizo ni kwamba bado hakuna kitu kimoja cha kuitwa. Mchanganyiko wa urithi hupungua kwa nusu kila kizazi, hivyo ukipanda mara moja kwa mwaka, shina ulilolichagua litahitaji kama miaka mitano ndipo watoto wake wafanane. Watafiti nao hutumia namba kwanza. Jina la aina ya maharage kama Lyamungu 85 au Selian 97 lilikuja mwishoni, likibeba kituo cha utafiti na mwaka. Ukitaka kuuza mbegu yenyewe, itabidi aina hiyo isajiliwe, na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, watapima kama inatofautiana na nyingine, mashina yake yanalingana yenyewe kwa yenyewe, na haibadiliki.

Mkulima wa Kibamba

Ahsanteni sana. Punje 30 nitazipanda Mei, nazo 13 nimezifunga kwenye chupa ya dawa niliyoiosha na kuikausha. Kwenye kibandiko nimeandika "Kablanketi na Njano, kizazi cha pili". Nilipompigia simu mama mkwe, aliuliza jambo moja tu: kama yanaiva haraka jikoni. Nitachemsha ya kila shina peke yake, na muda nitauandika kwenye bahasha.