Shamba la urithi: je, tukiligawanya tumesamehewa idhini ya bodi ya ardhi?

Binti Mkulima:
Hamjambo, ndugu zangu. Marehemu baba, ambaye hakuacha wosia, alituachia shamba la ekari 12 katika Kaunti ya Trans Nzoia, Kenya, lenye hatimiliki moja. Mahakama imekwisha kuthibitisha usimamizi wa mirathi, na sisi watoto wanne tumekubaliana kila mmoja achukue ekari tatu kwa hatimiliki yake. Baba mdogo anashikilia kwamba ardhi ya urithi imesamehewa idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, hivyo tumwite mpima tu aweke mawe ya mipaka. Naomba ushauri kabla hatujalipa chochote, kwa sababu jirani yetu alipimiwa shamba mwaka juzi na hadi leo hajapata hatimiliki.

Mzee wa Mipaka:
Poleni kwa msiba, binti yangu. Baba yako mdogo ameshika nusu ya sheria. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, ambayo ni ya mwaka 1967, kinausamehe kweli urithi, uwe wa wosia au usio na wosia. Lakini msamaha huo unakoma pale urithi unapolikata shamba vipande viwili au zaidi vyenye hatimiliki tofauti. Kwa kuwa mnataka hatimiliki nne, nendeni mbele ya bodi mkiwa tayari kueleza jinsi kila kipande kitakavyolimwa, maana bodi inatakiwa kuangalia kama mgawanyo utapunguza mazao. Mimi naliunga mkono sharti hilo, kwa kuwa nimeona mashamba ya mahindi yakikatwakatwa hadi trekta ikakosa pa kugeukia.

Nyamvula:
Dada, kabla ya bodi kuna kaunti. Mchoro wa mgawanyo, unaoonyesha njia ya kufikia kila kipande, huidhinishwa huko chini ya sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019. Lakini nimesoma ujumbe wako mara mbili nikimtafuta mama yenu. Je, yu hai?

Binti Mkulima:
Yu hai, dada. Nyumba yake imo katika ekari tatu za kaka yangu mkubwa. Hatukumpa sehemu kwa sababu alisema yeye hahitaji shamba.

Nyamvula:
Basi hilo ndilo la kwanza, hata kabla ya mchoro. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Urithi kinampa mjane haki ya kuitumia mali iliyobaki maisha yake yote, na neno lililosemwa nyumbani halitoshi kuiondoa. Kaka yako akiuza kesho, mama ataishi wapi? Someni cheti cha mahakama. Kama hakimtaji, mwoneni wakili mrudi mahakamani kabla mpima hajafika.

Binti Mkulima:
Nimekitazama cheti sasa hivi. Jina la mama halimo. Nimempigia kaka yangu simu, na tumemwambia mpima asubiri.