Fremu ya baiskeli ya chuma ya Japani imepasuka: weldingi ya umeme au gesi?

Mwendabara: Wakuu, nina fremu ya baiskeli ya Japani ya miaka ya 80, stika ya mabomba inasomeka Tange. Bomba la juu limepasuka sentimita mbili kutoka kwenye lagi ya mbele (ile soketi ya chuma inayoshika ncha za mabomba). Fundi anataka kupiga weldingi ya umeme. Nimruhusu?

GesiNaShaba: Usithubutu. Mabomba hayo huwa manene kwenye ncha, membamba katikati. Mengi ni milimita 0.8 na 0.5. Umeme utalitoboa, na likishika, litapasuka tena pembeni ya weldi.

Badilisha bomba zima. Likate, kisha upashe lagi kwa gesi mpaka shaba ya zamani iliyounga bomba iyeyuke, karibu nyuzi 900, uchomoe kipande kilichobaki. Fremu iwe imebanwa kwenye jigi (kibanio cha kuiweka sawa), maana joto hilo linalegeza na maungio ya bomba la usukani. Piga tupa ndani ya lagi hadi mabaki ya shaba yaishe.

Kuunga tumia lehemu ya fedha. Inayeyuka karibu nyuzi 650, hivyo haigusi shaba ya maungio jirani. Ila kati ya bomba na lagi inataka mwanya wa milimita 0.05 hadi 0.1 tu, ukizidi, haijazi. Paka fluksi (dawa ya kusafisha chuma ili lehemu ishike) ndani na nje, moto uuelekeze kwenye lagi kwa kuwa ndiyo nene, ulishe lehemu upande mmoja na usubiri itokee upande wa pili. Fluksi ikiwa nyeusi umeunguza: simama, safisha, anza upya. Usimwagie maji, iache ipoe yenyewe.

Keirin48: Naunga mkono. Japani ufundi huu haujafa kwa sababu ya keirin, mbio za baiskeli za kamari zilizoanza mji wa Kokura mwaka 1948. Wanaume bado wanashindana kwa fremu za chuma zenye muhuri wa idhini ya keirin, NJS, ili ishindane miguu, si mashine. Mjenzi wa fremu Nagasawa Yoshiaki alijifunza Italia kwa mafundi Pogliaghi na De Rosa, akarudi kumjengea Nakano Koichi, bingwa wa dunia wa sprinti mara 10 mfululizo, 1977 hadi 1986. Bomba jipya tafuta la kampuni ya Kaisei, warithi wa Ishiwata, watengeneza mabomba wa zamani.

Goroli: Ukifungua foki, pima kabla ya kununua bakuli za usukani (zinazoshika goroli). Fremu nyingi za Japani za enzi hizo ni JIS, kipimo cha Kijapani: kiti cha koni kwenye foki milimita 27.0, bakuli 30.0. Za ISO, kipimo cha kimataifa, ni 26.4 na 30.2, bakuli hizo ukizigongelea kwa nguvu, unapasua bomba la usukani.