Naomba ushauri: mshono wa Kikopti unanilegea, vikunjo vinaachana

Mwanadaftari
Habari zenu wakuu. Nashona madaftari kwa mkono. Yale mepesi ya fungu moja la karatasi, matundu matatu katikati, nayaweza vizuri. Sasa najifunza mshono wa Kikopti, ule wa Misri ya kale: vikunjo, yaani mafungu ya karatasi zilizokunjwa, vinashikana kwa uzi peke yake, mgongoni hakuna kamba wala gundi, na mnyororo wa uzi unabaki nje unaonekana. Nimeupenda kwa kuwa kitabu kinalala bapa mezani ukurasa wowote utakaofungua. Wachoraji wananiulizia sana daftari za namna hiyo.

Natumia vikunjo 8, kila kimoja karatasi 4 za A4 gramu 80 zilizokunjwa kati, matundu manne, uzi wa fundi viatu, kadibodi ngumu kwa jalada. Kitabu kikifungwa kinapendeza. Nikifungua katikati, mwanga unapenya kati ya kikunjo na kikunjo, mgongo umepinda upande, na jalada la nyuma linacheza. Fundi mmoja ameniambia mshono huu ni wa urembo tu, haudumu, nirudi kwenye kushona juu ya kamba zinazopita mgongoni. Nimwamini? Na nyie mlijizoezaje mpaka mkono ukakubali?

Kipimo
Mkuu, kwanza tuambie: unakaza uzi wakati gani, na unauvuta kuelekea wapi?

Mwanadaftari
Nakaza kikunjo kikiisha, navuta kwenda juu.

Kipimo
Basi tuanzie hapo. Uzi ukitoka tunduni unashuka nyuma ya pingili ya chini, yaani kitanzi cha mnyororo kilicho kati ya vikunjo viwili vilivyotangulia, kisha unarudi kwenye tundu lile lile ulikotokea. Hapo hapo, kabla hujaenda tundu linalofuata, ingiza vidole ndani ya kikunjo uukaze uzi ukiwa umelala kufuata mkunjo. Ukivuta kwenda juu unapasua karatasi, tundu linakuwa mdomo, na uzi hautashika tena hata ufanyeje. Ukingoja hadi mwisho wa kikunjo, pingili ya mwisho inakaza na za mwanzo zinabaki na nafasi yake.

Mgongo kupinda mara nyingi ni matundu kutolingana. Kata kipande cha kadibodi kiwe kipimo kimoja kwa vikunjo vyote. Fungua kitabu kinene katikati, laza kikunjo kwenye bonde lake, toboa kutoka ndani kwenda nje, juu ya mkunjo kabisa. Tia alama ya penseli upande wa juu wa kila kikunjo. Kikunjo kimoja tu kikigeuka kichwa chini, mnyororo wote unakwenda mshazari.

Nta ya Nyuki
Nakubaliana na Kipimo, ila mimi nautilia shaka uzi. Nyuzi nyingi za viatu siku hizi ni nailoni, na nailoni inavutika. Unakaza, unaona imekaa, kumbe imenyooka tu. Baadaye inajirudi na hewa inaingia. Tafuta kitani, ukikosa chukua pamba nene, upitishe kwenye nta mara kadhaa hadi ukiukunja ushike mkunjo. Usiwe mnene mno, maana kila kikunjo kinaongeza unene mgongoni.

Halafu karatasi. A4 za kawaida, nyuzi zake (zile nyuzinyuzi za karatasi yenyewe) hulala kufuata urefu. Ukikunja kupata A5 unazivunja, kikunjo kinajaa hewa na hakitaki kutulia. Nunua A3, kata nusu, ndipo ukunje. A3 za kawaida zitakupa mkunjo unaofuata nyuzi. Pima kwanza: lowesha kipande kidogo. Kitajikunja kama bomba, na bomba hilo linalala kufuata nyuzi. Ukishakunja, sugua mkunjo kwa mgongo wa kijiko, lundika vikunjo chini ya kitu kizito vilale usiku kucha.

Mpwani
Hilo la kwamba haudumu si kweli, ndugu yangu, na linaniuma kulisikia kwa fundi. Injili ya Mtakatifu Cuthbert, kitabu kidogo cha kale kilichopo maktaba ya British Library mjini London, ilishonwa namna hii hii, bila kamba, mwanzoni mwa karne ya 8. Ilikutwa ndani ya jeneza la mtakatifu huyo mwaka 1104, na mshono bado unashika. Mafundi wa vitabu vya Kiislamu nao walitumia mshono wa mnyororo usio na kamba karne na karne. Huku kwetu Siyu, kisiwani Pate, palikuwa na wanakili wa Misahafu na watengeneza majalada. Kamba ni njia nzuri, jifunze pia, lakini usiache huu kwa sababu hiyo.

Kipimo
Kuhusu mazoezi: weka karatasi nzuri kando. Chukua zilizotumika upande mmoja, tengeneza vikunjo vitano vidogo, usihangaike na jalada. Shona, fungua katikati, angalia mwanga unapopenya, ujue ni pingili ipi. Kata uzi, shona tena vikunjo vile vile mpaka matundu yaanze kupanuka, ndipo utupe.

Mwanadaftari
Asanteni sana. Uzi wangu nimeuchoma ncha, umeyeyuka. Ni nailoni au mfano wake kweli. Kesho natafuta kitani. Jalada la nyuma je?

Nta ya Nyuki
Usilishone peke yake mwishoni. Liweke pamoja na kikunjo cha mwisho. Uzi unashuka kwenye pingili ya chini, unaingia tundu la jalada kutoka nje, unatokeza kati ya jalada na kikunjo, unazunguka uzi wenyewe, ndipo unaingia ndani ya kikunjo. Kaza hapo kabla hujahamia tundu jingine. Sindano iliyopinda itakurahisishia: ichome motoni iwe nyekundu, ipinde kwa koleo.