CT imeonyesha damu kichwani kwa mama, kwa nini wanataka picha nyingine?

MtotoWaKihonda: Heshima kwenu wakuu. Mama yangu ana miaka 56. Leo alfajiri akichota maji alishika kichwa ghafla, akasema ni kama amepigwa nyundo, akatapika na kuzimia kidogo. Zahanati wakampa dawa ya malaria bila hata kupima! Mchana tumefika hospitali kubwa, CT ikaonyesha damu kuzunguka ubongo. Sasa wanataka CT nyingine, ya dawa ya rangi, na bei yake imenitoa jasho. Mjomba anasema tunapigwa. Si damu wameshaiona?

ChumbaChaGiza: Pole sana mkuu. Niko idara ya mionzi mwaka wa kumi sasa. Hampigwi. CT ya kwanza inaonyesha kwamba damu ipo: damu mbichi huwa nyeupe, pale chini ya ubongo ambapo maji yake kwa kawaida huonekana meusi. Imetokea wapi, haisemi. Dawa ikishapita mishipani ndipo unauona mshipa uliotuna kama puto, uko tawi gani, shingo yake nyembamba au pana. Daktari hawezi kwenda kuubana kwa klipu, au kuujaza koili (vijiwaya laini) kwa ndani, bila kuijua hiyo shingo. Na puto lililopasuka hupenda kupasuka tena, hasa ndani ya saa 24 za kwanza. Msingoje mjomba aridhike.

Babu_Tiba: Hicho ni kiharusi, mpe aspirini.

ChumbaChaGiza: Babu, acha! Aspirini kwa mtu anayevuja damu kichwani?

MamaTwins: Sisi kwa baba mdogo tulichelewa siku sita. CT ikaja safi, damu ilishafifia, tukashangilia kama wajinga. Wakamchoma mgongoni, maji yakatoka ya manjano, dalili kwamba damu ilikuwa imevuja. Ikabidi wapitishe mrija kutoka kwenye kinena hadi shingoni, wapige picha za mishipa. Nyinyi mmewahi. Ila kama mama ana kisukari au shida ya figo, waambieni kabla hawajamchoma hiyo dawa.

MtotoWaKihonda: Mrejesho, saa tano usiku. Figo ziko sawa, picha imepigwa. Puto ni moja, milimita 6, mshipa wa mbele. Tunahamishiwa Dar sasa hivi. Mjomba ndiye kalipia ambulensi, na kiti cha mbele kakalia yeye.